Tano kwa Tisa

Jumatatu, 1 Septemba 2014

Leo nimeshika jiwe la kunolea kwa mara ya kwanza maishani. Nina miaka arobaini na moja!

Miaka kumi na saba niko katika nyumba hii ya akina Kitade, na kazi yangu imekuwa kupokea simu, kupakia skrubu kwenye maboksi na kupeleka mzigo kwa baiskeli. Mashine za kukerezea, zinazozungusha chuma kisu kikikate, sikuzigusa. Ziko mbili tu – ya Baba mkwe dirishani, ya Noboru ukutani. Ya Noboru imefunikwa turubai tangu Aprili, tangu siku ile aliyokwenda bafu la mtaa na taulo begani na hakurudi. Mshipa wa kichwa ulipasuka, walisema. Mume wangu alikuwa na miaka arobaini na nne.

Bwana Sakaguchi wa kiwanda cha mizani alikuja wiki iliyopita. Alisema kwa upole, lakini alisema. Skrubu za miguu ya mizani zao zinakatwa hapa kwetu miaka thelathini sasa. Ila mkerezaji mmoja wa miaka sabini na sita hatoshi. Kufikia Mwaka Mpya wanataka kuona wakerezaji wawili, ama wapeleke kazi kwingine. Na kazi yenyewe ndiyo hiyo moja iliyobaki. Ikiondoka tunafunga karakana, mashine zinauzwa kwa kilo. Baba akikosa mashine yake sijui atabaki na nini. Mimi mwenyewe nitabaki na nini?

Basi asubuhi Baba akavuta turubai. Akanipa kipande cha chuma kigumu, urefu wa kidole, ndicho kisu cha mashine, akaelekeza kidevu kwenye jiwe linalozunguka. "Noa." Kwa pembe gani, Baba? "Angalia." Akanoa chake, haikufika dakika, akanipa mgongo. Hiyo ndiyo shule yenyewe. Ufundi hapa haufundishwi, unaibwa kwa macho.

Vinne nimenoa. Vinne amevigonga kwenye jiriwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akavivunja ncha.

Alhamisi, 4 Septemba

Kumi na kimoja. Vyote vimevunjwa.

Vidole vinaniuma. Chuma kinapata moto haraka, unakichovya kwenye kopo la maji, unarudi, unachovya. Baba amesema sentensi nzima leo: ukisikia moto kidoleni, kisu kilishausikia kabla yako. Nimeiandika hapa isije ikanipotea.

Mama Hamaguchi wa jirani, wale wanaopaka vyuma nikeli, amechungulia dirishani na kuona rundo la ncha zilizovunjika. "Ee bi harusi! Unanoa visu au unamtengenezea mzee kokoto?" Miaka kumi na saba bado ananiita bi harusi. Kisha akaniambia nisijali, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akaacha bakuli la tofu. Nimelia kidogo nikiila, sijui kwa nini. Tofu tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Kimekata! Kisu changu kimekata!

Siri ni chini ya makali. Lazima pakwepe nyuma kidogo, pasiguse chuma, la sivyo kisu kinasugua chuma badala ya kukikata, na mashine inapiga kelele mtaa mzima wasikie. Na ncha iwe sawasawa na katikati ya chuma kinachozunguka. Baba ana ujanja wake: anabana rula nyembamba kati ya ncha na chuma. Rula ikisimama wima, sawa. Ikilala upande wangu au upande wa pili, kisu kimepanda au kimeshuka. Nimejaribu mara tatu, ya tatu ikasimama wima.

Maranda ya chuma yakatoka marefu, yamejikunja, yanang'aa. Baba hakutazama chuma, aliokota maranda. Akayanusa. Akayaweka mfukoni! Nilitaka kumwambia mtu. Nimekwenda kwenye picha ya Noboru nikamwambia yeye.

Alhamisi, 18 Septemba

Baba amenipa sanduku la visu vya Noboru. Vinane. "Tumia."

Nimesema nitanoa vyangu. Amesema chuma hicho hakiuzwi tena, na kisu si sanamu ya kuwekwa kabatini.

Noboru alikuwa wa mkono wa kushoto. Vyote vimeinama upande mmoja kidogo, kwa namna yake. Ukikiwekea kidole unaisikia. Sasa ni hivi – kikiwa butu lazima kinolewe, na nikikinoa naondoa namna yake naweka yangu. Nimenoa kimoja leo. Maji ya kopo yamekuwa meusi. Nimeyamwaga kwenye mtaro, halafu nikajuta kuyamwaga.

Saba vimebaki.

Jumatatu, 29 Septemba

Nyuzi, ile mifereji inayozunguka skrubu!

Baba anasema ni mapema mno, yeye alifagia sakafu ya fundi wake, Bwana Okubo, miaka miwili kabla hajaruhusiwa hata kusimama karibu na jiwe. Alipelekwa huko akiwa na miaka kumi na mitano. Lakini Mwaka Mpya haungoji. Kwa hiyo leo amefanya kitu ambacho nadhani hajapata kufanya: amefundisha kwa mdomo.

Kisu cha nyuzi kinanolewa ncha ya pembe ya digrii sitini. Unakipima kwenye kibati chenye mfuo, unakiinua kwenye mwanga. Mwanga usipite pembeni. Mashine inaendeshwa polepole. Hukati mara moja – unagusa, unarudisha nyuma, unaongeza unywele, unagusa tena. Mara kumi, kumi na mbili. Kila safari kisu kinarudi kwenye mfereji uleule, kama hakikuondoka. Na gia ndizo zinazoamua umbali kutoka uzi mmoja hadi wa pili. Ukikosea gia umekosea kila kitu, hata kama skrubu ni nzuri ya kupendeza.

Nikauliza, nitajuaje ni umbali gani? Akafumba macho akaimba. Kweli, aliimba, kama mtoto wa shule: "Tatu kwa sita, nne kwa saba na nusu, tano kwa tisa." Yaani skrubu ya unene wa milimita tano, umbali wake ni sehemu tisa za kumi za milimita. Zetu ni za tano. Akasogeza mwenyewe wenzo wa gia wa mashine ya Noboru, akauweka hapo kwenye tisa. Akatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu mazishi.

Jioni ameandaa meza yeye. Ameweka mabakuli matatu. Nikatoa moja kimyakimya. Mimi pia nilifanya hivyo Mei nzima.

Jumanne, 7 Oktoba

Skrubu arobaini, zangu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ishirini na mbili zingine nimeziharibu lakini hizo hazihesabiwi.

Baba amezikagua zote. Ana mkebe wa biskuti wenye nati zake za zamani, akatoa moja, akaizungusha kwenye kila skrubu. Imeteleza mpaka mwisho, laini, bila kukwama, bila kucheza. Kwenye ya arobaini akacheka kwa sauti. "Wamekuletea mwanamke, Okubo!" akamwambia mtu aliyekufa kabla sijazaliwa.

Nimepeleka mzigo kwa baiskeli: boksi langu na boksi la Baba, pamoja. Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Zimerudi.

Bwana Sakaguchi amezileta mwenyewe, boksi langu tu. La Baba halina tatizo. Skrubu zangu zinaingia mzunguko mmoja na nusu, kisha zinakwama. Amezipima. Alitaka kucheka, nikaona, halafu akajizuia. "Mama Kitade, nyuzi hizi ni safi sana. Ila ni tisa. Tano kwa tisa! Kipimo hiki mimi nimekisikia kwa babu yangu. Dunia nzima tano ni kwa nane." Akauliza nani alipanga gia.

Nilimtazama Baba. Baba akatazama sakafu. Kisha akainama mbele ya mgeni, akasema, "Utuwie radhi. Mkwe wangu bado anajifunza."

Mimi! Nikainama pia. Niliinama mpaka nikaona vumbi kwenye viatu vya Bwana Sakaguchi. Nikaomba radhi kwa kosa ambalo nimeliandika kwenye daftari langu kwa maneno ya mwingine. Amesema atangoja arobaini nyingine, zikirudi tena hana la kuwaambia wakubwa wake.

Sikumpikia Baba leo. Nimemnunulia bakuli la tambi za udon za dukani nikaiweka mezani na kifuniko chake. Nimekasirika.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda kwa Mama Hamaguchi kumwaga hasira. Nimerudi na kitu kizito zaidi.

Amesema ndiyo, tano kwa tisa ilikuwepo. Ndicho kilichokuwa kipimo cha hapa kwetu. Mwaka ule aliokuja kuolewa mtaa huu ndipo serikali ikaagiza wafuate kipimo cha dunia, na mafundi wote wakalalamika. Mumewe alitupa pipa zima la skrubu mtoni, usiku asionekane. Na mzee Kitade? Yeye alinuna siku tatu, kisha akabadilisha gia zake, na hajakosea tena.

Hajakosea tena! Miaka arobaini na sita au saba amekata nane. Wenzo wa mashine yake uko kwenye nane, hajausogeza tangu sijaolewa, ndiyo maana skrubu zake ziko sawa. Wa Noboru aliupanga kwa kichwa. Na kichwani alikuta tisa.

Mama Hamaguchi aliweka kikombe chini. "Chizuru." Hakuniita bi harusi. Akasema Jumatatu mzee alimsalimia na kumuuliza mumewe hajambo. Mumewe! Tulimzika pamoja, Baba alibeba jeneza. Akasema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nimefikiria mabakuli matatu. Nimefikiria mambo mengine pia, mchuzi wa soya kwenye chai, viatu kwenye friji. Nilikuwa namcheka. Nilidhani ni majonzi.

Hasira imekwisha. Afadhali ingebaki.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeweka wenzo kwenye nane. Nimegeuka kuchukua oili. Nikarudi, uko kwenye tisa, na Baba amesimama pembeni na mikono nyuma.

Nikaurudisha nane. Akautoa. Nikaurudisha. Mara ya tano alinipiga vidoleni kwa rula ya chuma – si kwa nguvu, kama wanavyopigwa wanafunzi wa ufundi. "Kichwa kigumu! Bwana Okubo akikuta hivi atatufukuza sote wawili."

Sote wawili. Mimi na yeye, wanafunzi. Nikasema, "Nisamehe, kaka." Sijui neno hilo nililitoa wapi. Akaridhika, akarudi dirishani.

Nimengoja alale mchana. Nimekata kumi na nane kwa siri, kama mwizi, kwenye karakana yangu mwenyewe. Alipoamka nilimkuta mezani na zile arobaini zilizokataliwa na mkebe wake wa biskuti. Anazipatia nati, moja moja. Nati za zamani ziko kumi na moja tu. Skrubu kumi na moja zimepata wenzao, zilizobaki amezipanga mstari, anazitazama. Akaniuliza zingine tumeziweka wapi. Nikasema nitatafuta.

Jumatano, 22 Oktoba

Hospitali.

Daktari ni msichana, anaongea na Baba kwa sauti kubwa kana kwamba ni kiziwi. Amemwomba achore saa. Baba akachora duara. Bila bikari, kwa mkono mtupu, duara ambalo hata daktari alilishangaa. Kisha akaligawa – hakuweka namba. Akachora meno. Meno ishirini na nne, sawasawa, moja baada ya jingine. Ni gia nzuri kabisa. Daktari akasema, "Na mishale, Babu?" Baba akamtazama kwa huruma.

Nje, kwenye korido, daktari ameniambia jina la ugonjwa. Nilishalijua. Ameniambia hautakwenda haraka, lakini hautarudi nyuma. Akauliza kazi yake nini. Nilipomwambia akafunga faili. Mashine inayozunguka – hapana. Kuanzia leo, hapana. Siku moja ataacha mkono pale usipotakiwa.

Tumerudi kwa miguu kando ya mto mdogo. Baba alitangulia mpaka kwenye daraja. Kisha akanishika kiwiko.

"Tusimwambie Noboru," alisema. "Ana wasiwasi wa bure, yule."

Kila asubuhi anaweka wali mbele ya picha ya Noboru, anagonga kengele, anafumba macho. Nilidhani mtu anayefanya hivyo anajua. Nikasema, "Sawa, Baba." Akasema mimi ni mkwe mzuri. Ee, moyo wangu.

Jumapili, 26 Oktoba

Sijaandika. Sijafanya kitu. Nimefua.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimefanya.

Asubuhi kabla hajaamka nimefungua boksi la umeme la mashine yake na kuchomoa fyuzi, zote tatu. Nimeziweka kwenye mfuko wa aproni yangu. Saa mbili kamili akaingia na kofia yake, akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena.

Nikasema umeme una hitilafu upande ule, nimemwita fundi, atakuja. Uongo mtupu, na nilimwambia nikiwa nimegeukia ukuta. Akafungua boksi. Akatazama ndani muda mrefu. Pale kuna nafasi tatu tupu, mtoto mdogo angeziona. Nilingoja apige kelele. Nilitaka apige kelele! Akafunga kifuniko taratibu, akachukua tambara na oili, akaanza kufuta mashine. Ameifuta siku nzima. Kila gurudumu, kila mkono, hadi chini kwenye miguu.

Nadhani hakuelewa alichokiona.

Na mimi nyuma yake naendesha ya Noboru, nakata, nakata, na kelele yake naisikia kama matusi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Tena amefuta. Hajauliza fundi yuko wapi.

Jumatano, 5 Novemba

Kisu cha mwisho cha Noboru kilikuwa kimebaki. Nilikificha, nikaapa sitakinoa. Leo nikiwa kwenye skrubu ya thelathini na tatu changu kimevunjika ncha, na kingine hakikupita kwenye kibati, mwanga unapenya pembeni. Nimejaribu mara sita. Saa zinakwenda, Bwana Sakaguchi anangoja kesho.

Nikakichukua. Nimekishika kwanza, nikapitisha kidole pale kinapoinama. Kisha nikakinoa. Hakikuchukua hata dakika. Wala hakukuwa na mtu wa kukigonga kwenye jiriwa akaniambia ni kibaya.

Kilikuwa kizuri. Skrubu saba zilizobaki ndizo bora kuliko zote.

Sasa hakuna tena mahali duniani palipobaki na mkono wake. Nimefuta oili kwenye kisu, nikakifunga kwenye kitambaa chake cha mkono, nikakirudisha sandukuni kama mtu. Najua ni chuma tu. Najua.

Ijumaa, 7 Novemba

Zimepita!

Bwana Sakaguchi amepiga simu mwenyewe. Zote arobaini. Amesema mkaguzi wao alidhani ni za Noboru, akauliza kama tulikuwa na akiba. Kuanzia mwezi ujao tutaendelea kama kawaida, mia mbili kwa wiki. "Mwambie mzee amefundisha vizuri."

Nikaweka simu chini. Nilitaka kumwambia mtu, nikageuka, na Baba alikuwa amesinzia kwenye kiti dirishani, tambara magotini. Nikamwambia akiwa amelala. Baba, umefundisha vizuri. Alijikuna sikio.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku ya Mivukuto, sikukuu ya mafundi chuma. Mtaa mzima umenyamaza. Leo hakuna anayewasha jiwe wala mashine, vyuma vinapumzika na kushukuriwa, na kila mashine inapewa chenza na kikombe cha sake, pombe ya mchele. Ukifungua dirisha unasikia hadi ndege. Mwaka mzima hatuwasikii.

Baba aliamka kabla yangu. Amenyoa, amevaa shati jeupe. Alikwenda sokoni mwenyewe na akarudi mwenyewe! Machenza mazuri, yana majani. Akaweka moja juu ya mashine yake inayong'aa kama sahani, moja juu ya ya Noboru. Tukapiga makofi mara mbili, tukainama. Akakaa juu ya kreti, nikammiminia.

"Mfuko wako unalia," akasema.

Nikasema, mfuko gani?

"Tangu Alhamisi ile. Ukitembea, kli, kli. Nilidhani paka wa Hamaguchi ameingia." Akanywa. "Fyuzi tatu. Zitakutoboa aproni."

Siku tisa! Siku tisa alifuta mashine na alijua. Nikaanza kueleza, daktari amesema, Baba, mimi nilitaka– Akainua mkono.

"Tano kwa nane," alisema. "Najua, Chizuru. Nilibadilisha gia kwa mikono yangu mwenyewe, nilinuna siku tatu. Kichwa kinajua. Mkono ndio umerudi kwa Bwana Okubo, na hautaki kutoka." Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Siku ile mbele ya Sakaguchi nilikusingizia wewe. Niliogopa. Utanisamehe."

Nikatoa fyuzi nikaziweka kwenye sinia, kando ya machenza yaliyobaki.

Akasema leo mashine zinapumzika kwa heshima, hilo halina neno. Lakini Jumatatu si sikukuu. Jumatatu, je, namrudishia fyuzi au simrudishii? "Wewe ndiye unayekata skrubu za nyumba hii sasa. Ukisema hapana, ni hapana. Ila useme wewe kwa mdomo wako. Usiuachie mfuko useme."

Nilikuwa nalo jibu. Nimelibeba tangu hospitali. Hapana, Baba. Maneno mawili tu. Na nikafikiri: mtu anayeongea hivi, mwenye akili timamu hivi, nitamwondoaje kwenye mashine yake ya miaka hamsini? Labda asubuhi tu, nikiwa nimesimama pembeni. Labda nifunge wenzo kwa waya uko palepale kwenye nane. Labda daktari amekosea.

Akamenya chenza. Akaligawa mafungu matatu. Moja akanipa, moja akala yeye. La tatu akainuka nalo, akaliweka kwenye mashine ya Noboru, juu ya tambara safi. "Lake hilo," alisema.

Nimemtazama usoni. Leo nyumba nyingi zitawawekea matunda mafundi wao waliokufa, Mama Hamaguchi anafanya hivyo kila mwaka. Kwa hiyo sijui. Sijui kama amemwekea marehemu au amemwekea mtu aliyechelewa. Uso wake ni uleule wa kila siku.

Amekwenda nyuma kunawa mikono. Naandika hapa juu ya boksi la skrubu, haraka, niyapange maneno kabla hajarudi. Hapana, Baba. Au: asubuhi tu, Baba. Kuna harufu ya chenza karakana nzima.

Bomba limefungwa. Ananiita – Chizuru! – kwa jina langu, si la marehemu mama mkwe kama juzi. Anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: niseme sasa hivi, au tumngoje Noboru kwanza?

Fyuzi ziko mkononi mwangu tena. Sikumbuki nimezichukua saa ngapi.